Huyu ni Ol-raunda, au ni Mpigaji Anayependwa?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa klabu ya kriketi hapa Nairobi. Kila mwisho wa msimu tunatoa kombe la ol-raunda bora, na safari hii kamati imegawanyika. Upande mmoja unamtaka kijana wetu anayepiga nambari nne. Ni mpigaji hodari, na karibu kila mechi nahodha humpa ova mbili tatu arushe, na wiketi moja moja anapata. Upande wa pili unamtaka mrushaji wetu wa kasi, ambaye hupiga nambari nane na katikati ya msimu alituokoa kwa mikimbio 80 siku ambayo wenzake wote walikuwa wameshindwa. Mjomba wa yule kijana ni mjumbe wa kamati, na maneno yameanza kuwa makali. Tutumie kipimo gani?

Katibu, Nairobi

Ndugu Katibu,

Mnachogombania ni kikubwa kuliko kombe. Jina la ol-raunda likishamkaa mchezaji, ndilo linaloamua nani mwingine atakaa benchi msimu ujao. Kwa hiyo ni vyema kwamba hamtaki kuligawa ovyo. Ila wekeni kando kwanza jumla za mikimbio na wiketi, muanze na karatasi ya timu.

Nahodha anapopanga kikosi hutaka wapigaji sita, mlinda wiketi mmoja na warushaji watano. Jumlisha: hao ni watu 12, na sheria inampa 11. Ol-raunda ndiye anayeifanya hesabu hiyo ikae sawa, kwa sababu anashika nafasi mbili na zote mbili anazitendea haki. Basi swali la kwanza la kamati yako liwe hili: mchezaji huyu akiumia asubuhi ya mechi, pengo lake linazibwa na watu wangapi? Kama ukimleta mpigaji mmoja timu inabaki vilevile, alikuwa mpigaji. Kama mrushaji mmoja anatosha, alikuwa mrushaji. Lakini kama nahodha akiongeza mpigaji anapungukiwa ova, na akiongeza mrushaji safu ya kupiga inakuwa fupi, huyo aliyeumia ni ol-raunda.

Wapo wajumbe watakaodai kipimo kikali zaidi: je, angechaguliwa kwa kupiga peke yake, na pia kwa kurusha peke yake? Garfield Sobers wa West Indies anakipita bila shida. Katika mechi 93 za Testi alipiga mikimbio 8,032 kwa wastani wa 57.78 na kuchukua wiketi 235, akirusha kwa kasi na kwa kuzungusha mpira kadiri mechi ilivyohitaji. Imran Khan wa Pakistan naye anapita: wastani wa 37.69 kwa bati, na wiketi 362 kwa mikimbio 22.81 kila moja. Lakini mchukue Richard Hadlee wa New Zealand. Wiketi zake 431 zinamweka miongoni mwa warushaji wakubwa waliowahi kuishi, ila wastani wake wa kupiga ni 27.16. Kwa bati peke yake angepata nafasi kwa taabu sana. Na hata hivyo, ukitaja ol-raunda wakubwa wa miaka ya 1980, yeye, Imran, Ian Botham na Kapil Dev hutajwa kwa pumzi moja. Kipimo kinachomfukuza Hadlee kimekaza mno.

Kwa hiyo mimi nakilegeza hatua moja tu. Kazi ya kwanza impe mchezaji nafasi yake bila mjadala. Kazi ya pili iwe ile ambayo nahodha anaitegemea kabla mechi haijaanza, anapopanga timu, si ile anayoikimbilia mambo yakishaharibika.

Katika mechi za siku moja tofauti hii inafichika kirahisi. Kwenye ova 50 hakuna mrushaji anayeruhusiwa kuzidi ova 10, kwa hiyo lazima warushe angalau watu watano, na mara nyingi zile ova za mtu wa tano hugawanywa kwa wapigaji wanaojua kurusha kidogo. Sachin Tendulkar alichukua wiketi 154 katika mechi za aina hiyo, na bado anakumbukwa kama mpigaji, kwa sababu India walimpanga kwa ajili ya bati lake. Kijana wenu, kwa jinsi ulivyonieleza, yuko upande huo. Ova zake mbili tatu zinamsaidia nahodha, lakini nahodha hajazijengea mpango.

Huenda mjumbe mmoja akaleta ile hesabu inayopendwa na wengi: chukua wastani wa kupiga, toa wastani wa kurusha, na tofauti ikiwa kubwa, mtu ni ol-raunda. Kwa Sobers inatoka 23.75. Kwa Jacques Kallis wa Afrika Kusini, aliyepiga kwa wastani wa 55.37 na kuchukua wiketi 292 kwa 32.65, inatoka 22.72. Kwa Botham ni 5.14. Inaonekana safi, mpaka umweke Donald Bradman. Yeye alipiga kwa wastani wa 99.94, na katika maisha yake yote ya Testi alipata wiketi mbili kwa mikimbio 72, yaani 36 kwa kila moja. Tofauti yake ni 63.94, mbali mno juu ya Sobers. Kwa hesabu hiyo, ol-raunda mkubwa kuliko wote ni mtu ambaye kazi yake haikuwa kurusha kabisa. Funzo lake ni kwamba wastani hauna maana mpaka kwanza uone mzigo. Ulizeni ova ngapi kwa msimu mzima, na mipira mingapi aliyoikabili akiwa na bati. Asiyebeba mzigo, msimtafutie wastani.

Sasa nije kwa mrushaji wenu. Zile 80 nazipa heshima yake, lakini siku moja haitoshi kumpa mtu jina. Wasim Akram wa Pakistan alipiga 257 bila kutolewa dhidi ya Zimbabwe kule Sheikhupura mwaka 1996, akiwa nambari nane kama huyo wenu. Hata hivyo wastani wake wa kupiga katika Testi uliishia 22.64, na dunia inamkumbuka kwanza kwa mkono wake wa kushoto na mpira uliopinda hewani. Angalieni zile siku nyingine zote za mrushaji wenu. Kama hukaa uwanjani wakati wenzake wanadondoka, na kama nahodha amethubutu kuchezesha mrushaji wa ziada kwa sababu anajua nambari nane yake ni imara, basi ana hoja nzito. Kama ni mtu wa kurusha bati kwa nguvu na kuondoka, hana.

Kuweni waangalifu pia msichanganye nyakati. Collins Obuya ni mfano wetu wenyewe. Kwenye Kombe la Dunia la 2003, pale Nairobi Gymkhana, aliizungushia Sri Lanka mpira akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, nasi tukashinda. Miaka minane baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2011, alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia mjini Bangalore. Ukizijumlisha siku hizo mbili unaona ol-raunda wa ajabu, lakini ile ya kwanza ni ya mrushaji na ile ya pili ni ya mpigaji. Linganisha na Thomas Odoyo, ambaye kwa miaka mingi Kenya ilimkabidhi mpira mpya na pia ikamtegemea apige. Mechi za siku moja zilimpa wiketi zaidi ya 100 na mikimbio zaidi ya 2,000, na alizikusanya kazi zote mbili zikienda pamoja. Kombe lenu ni la msimu huu, basi msihesabu alichofanya mtu misimu iliyopita.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu. Leta kitabu cha skoa mezani, na wajumbe wasome mechi moja moja. Kwa kijana, tazameni safu ya warushaji: alipewa mpira ova ya ngapi? Waliokuwa wakipiga ni wale wa juu waliokwisha kuzoea uwanja, au ni nambari kumi na kumi na moja? Aliachwa arushe mfululizo, au ova moja ikimwendea vibaya anaondolewa? Kwa mrushaji, tazameni aliingia wiketi ngapi zikiwa zimedondoka, alikaa mipira mingapi, na mechi ilikuwa bado wazi au imeshaamuliwa. Jioni moja itawatosha. Mjomba wa kijana asipige kura. Si kwamba namshuku, ila waliosema ukipenda, chongo huita kengeza, walijua moyo wa ndugu ulivyo.

Na kama hakuna anayestahili, msitoe kombe mwaka huu. Mpeni kijana tuzo ya mpigaji bora, maana kuwa mpigaji tu ni heshima kamili, haihitaji kupambwa. Nasisitiza hili kwa sababu jina lisilo la haki lina mtu anayelilipia. Mkishamwita ol-raunda, mwakani nahodha atamhesabu kama mrushaji wa tano, na mrushaji chipukizi anayefanya mazoezi kila jioni atakosa nafasi. Siku ya mechi ngumu, wapigaji wazuri watazishambulia ova za kijana, mikimbio itamwagika, na lawama itamwangukia yeye aliyepewa kazi asiyoiomba.

Baada ya kikao, zungumza naye wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Mwambie wazi amekosa nini, kisha umpe njia: mazoezi ya kurusha yenye ratiba na kocha wa kumwangalia, kwani mgongo wa kijana huumia akiongezewa ova kwa pupa. Nahodha naye amwahidi ova sita au nane katika mechi za kirafiki, ziwe zake hata akipigwa. Kigezo mkiandike sasa na kukibandika ubaoni kabla msimu ujao haujaanza, ili mwakani kila mchezaji ajue anachokifukuzia na kila mjumbe ajue anachokipigia kura.