Waraka Usio na Makao Makuu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania. Arusha iko mbali na bahari, lakini nyaraka zake nyingi za kazini hukaa kwenye seva za ng'ambo. Watu wawili walio katika jengo moja karibu na Mnara wa Saa, wakiandika waraka mmoja kwa programu za kawaida, hulazimika kupitishia maneno yao huko ili yavuke ukuta mmoja tu.

Seva hiyo hufanya kazi gani hasa? Hutunza nakala, ndiyo. Kazi yake kubwa zaidi ni kuamua nani ametangulia. Tuone kwa nini uamuzi huo una uzito.

Tuseme Neema yuko mjini na Elia yuko Ngarenanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru. Simu zote mbili zina sentensi aliyoiandika Neema: "Nyanya ziuzwe Kilombero." Mtandao unakatika. Neema anaongeza "zote" baada ya neno la kwanza. Elia, ambaye soko la Tengeru liko karibu naye kuliko lile la Kilombero, anafuta neno la tatu na kuweka "Tengeru." Mtandao ukirudi, amri ya Elia inafika kwa Neema: futa neno la tatu, weka "Tengeru." Lakini kwa Neema neno la tatu sasa ni "ziuzwe." Simu yake inatoa "Nyanya zote Tengeru Kilombero." Upuuzi mtupu.

Mwaka 1989 watafiti Ellis na Gibbs walipendekeza kuirekebisha amri inapofika: "tatu" igeuke "nne." Google Docs hufuata njia ya ukoo huo, ila njia hiyo kwa kawaida huhitaji seva moja ya kupanga foleni.

Njia ya pili ni kuachana na nafasi kabisa, maana nafasi hubadilika. Kila neno lipewe jina la kudumu: herufi ya mwandishi na namba. Maneno matatu ya mwanzo ni N1, N2 na N3. "Zote" ya Neema ni N4, nayo inasema: nakaa baada ya N1. Elia anafuta N3, na "Tengeru" yake, E4, inakaa baada ya N2. Sasa amri zifike kwa mpangilio wowote, hata zikirudiwa mara mbili, hata zikiletwa kwa Bluetooth na mpita njia, sentensi ni ileile: "Nyanya zote ziuzwe Tengeru."

Na Elia akiongeza "mbivu," E5, baada ya N1 hiyohiyo? Kanuni inatosha: mwenye namba kubwa akae mbele, namba zikilingana alfabeti iamue. Kila simu huhesabu kuanzia namba kubwa kuliko zote ilizowahi kuziona, mbinu aliyoieleza Leslie Lamport mwaka 1978. Simu zote zitasoma "Nyanya mbivu zote ziuzwe Tengeru" bila kumuuliza yeyote. Mamlaka ya seva yamehamia ndani ya majina ya maneno.

Gharama ipo. N3 iliyofutwa haiondoki. Inafichwa tu, kwa sababu huenda mtu wa tatu kule Usa River, asiye na habari, ameandika "asubuhi" baada yake. Kwa hiyo waraka unaohaririwa sana hubeba maiti wengi. Marc Shapiro na wenzake waliweka msingi wa kihisabati wa miundo hii mwaka 2011, na baadhi ya kazi zilizofuata zimekuwa juhudi za kuupunguza mzigo huo.

Hisabati hiyo, hata hivyo, haijui maana. Neema akibadilisha bei ya tenga na Elia akaibadilisha pia, zote mbili zitabaki kwenye sentensi, zimekaa bega kwa bega, na simu zitakubaliana kikamilifu juu ya fujo hiyo. Hapo ni lazima watu wenyewe wazungumze.

Programu za msingi za njia hii, Automerge na Yjs, ni za bure na msimbo wake uko wazi. Wanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, zipakueni leo mtandao ukiwapo.