Pambo Kwanza, Bitana Baadaye

Mkoba ulionifundisha kazi hii ya kutia mapambo kwenye mikoba ulirudishwa wiki mbili tu baada ya kuuuza. Mwenyewe, maalimu wa madrasa hapa Kasongo, hakupaza sauti. Aliutoa msahafu wake, akanionyesha mikwaruzo mitatu kwenye jalada, kisha akaipindua bitana. Miguu ya njumu ilikuwa imetoboa kitambaa na kuchomoza kama miiba.

"Fundi, nje umepamba vizuri. Na huku ndani je?"

"Nisamehe, maalimu. Niachie, nitaufanya upya."

Alikuwa ameniomba njumu za shaba zilizopangwa kama kwenye makasha ya Zanzibar, na ombi la namna hiyo si geni katika mji uliokuwa ngome ya mfanyabiashara wa Zanzibar, Tippu Tip, na mwanawe Sefu hadi ulipotekwa mwaka 1893. Nami niliifanyia ngozi kazi ya ubao. Kwenye kasha, msumari hushikwa na unene wa mbao. Ngozi ya milimita 2 haina unene huo. Pambo hushikwa na kile kilichowekwa nyuma yake.

Kwa hiyo siku hizi pambo linatangulia, bitana inafuata. Nikishakata ngozi, kabla ya kushona chochote, naweka alama kwa ncha ya msharasi na kutoboa tundu dogo kidogo kuliko mguu wa pambo, uingie kwa kusukumwa. Tundu pana ndilo huanza kulegea. Nyuma nabandika kiraka cha ngozi ngumu, kipana kuliko pambo lenyewe, kingo zake nimezichonga hadi zikawa nyembamba ili zisionekane upande wa pili. Mguu unapita ngozi na kiraka, navisha washa, nakunja ncha na kuzilaza kabisa kwa nyundo. Uso wa pambo ulalie kipande cha ngozi laini juu ya jiwe, usibonyee. Juu ya ncha hizo nagandisha kiraka cha pili, chembamba. Napitisha kidole: kikikwama popote, nafumua na kurudia. Hapo ndipo bitana inashonwa.

Ribiti zina hesabu yake. Mguu ukishapita tabaka zote, ubaki umechomoza milimita 2 au 3. Ukizidi hapo, unapinda chini ya nyundo. Ukipungua, kofia haishiki na itang'oka siku mkoba umejaa.

Naletewa pia mikoba iliyokwisha kushonwa, bizimu au kifungo kimeng'oka. Usipige ribiti kupitia bitana kwa haraka. Fumua mshono wa bitana chini, pale usipoonekana, sentimita 10 hivi, mkono uingie. Fanya kazi yote ndani, ukishamaliza ushone. Bitana isipofumulika, tumia ribiti yenye kofia pande zote mbili na uongeze kiraka cha ngozi ndani. Kitaonekana, basi kikate vizuri kama pambo.

Metali yenyewe uichunguze. Mapambo mengi ninayopata ni ya mikoba na mikanda iliyochakaa, na rangi ya dhahabu inadanganya. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu: ikivuta, chini ya rangi kuna chuma. Chuma chenye unyevu kikigusa ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti huacha doa jeusi lisilotoka. Shaba nayo hutoa ukungu wa kijani inapokutana na mafuta ya ngozi, ila huo hufutika kwa kitambaa kikavu. Kwa mvua zetu, nachagua shaba.

Pambo la skrubu ni zuri kwa mteja wa mjini. Lakini kwa mteja anayekwenda Kabambare kwa pikipiki, mkoba ukirukaruka mgongoni njia nzima, skrubu itafunguka yenyewe. Hapo natia tone la gundi kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kukaza, na naiacha ikauke usiku kucha.

Mkoba wa maalimu niliufumua wote. Njumu zilikuwa 24. Nilirudisha 16, kwa kuwa pembeni hapakuwa na nafasi ya kiraka. Alipokuja kuuchukua hakutazama shaba. Aliingiza mkono ndani, akapapasa bitana polepole, pembe hadi pembe, kisha akauweka msahafu.