Somo: Muziki ukimbizini – mwanzo wa kundi la Songhoy Blues



Tunapokutana na komite za kambi, swali moja hurudi mara kwa mara: vijana tuwafanyeje? Shamba hawana, masomo wengi wameyaacha. Jioni wakikusanyika kupiga gitaa na ngoma, wazee wengine husema huu si wakati wa kucheza kwa sababu watu wamefiwa. Wengine huogopa kwamba nyimbo zitaamsha ugomvi wa makabila. Maneno hayo yana uzito. Katika somo hili tuyapime kwa kisa cha vijana wa Mali, nchi ya Afrika ya Magharibi, waliopita katika hali inayofanana na yetu.

Kisa chenyewe

Kaskazini mwa Mali, kandokando ya mto Niger na jangwani, wanaishi Wasonghay, Watuareg na makabila mengine. Januari 2012 kundi la waasi wa Kituareg liitwalo MNLA lilianza vita, likitaka kaskazini ijitenge. Machi wanajeshi walipindua serikali katika mji mkuu, Bamako, na siku chache baadaye miji ya Kidal, Gao na Timbuktu ikaanguka. Kisha makundi mengine yenye silaha, yaliyosema yanasimamisha sheria ya dini, yaliwafukuza MNLA katika miji hiyo na kukataza muziki. Redio zilizuiwa kupiga nyimbo, vyombo vya muziki vikachomwa moto. Watu wa huko walio wengi ni Waislamu, na muziki ulikuwa sehemu ya maisha yao. Mamia ya maelfu walikimbia.

Mmoja wao alikuwa Garba Touré, mpiga gitaa wa mji wa Diré, karibu na Timbuktu. Baba yake alipiga ngoma katika kundi la Ali Farka Touré, mwanamuziki mashuhuri wa Mali aliyefariki mwaka 2006. Garba alichukua vitu vichache pamoja na gitaa lake, akapanda basi kwenda Bamako. Huko alijiunga na Aliou Touré, mwimbaji, na Oumar Touré, mpiga besi, watu wa kaskazini kama yeye. Wote wanaitwa Touré, lakini si ndugu wa damu. Wakampata pia mpiga dramu, Nathanael Dembélé. Kundi wakaliita Songhoy Blues.

Walianza kwa kupiga katika baa na kumbi ndogo za Bamako. Walichukua mapigo ya kwao kaskazini na kuyapiga kwa gitaa za umeme, kwa nguvu na kasi ya muziki wa roki. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuwarudishia wakimbizi wenzao ladha ya nyumbani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, hawakungoja kurudi nyumbani ndipo waanze kuishi. Kundi lilizaliwa mwaka uleule wa vita, 2012. Mkimbizi hupoteza nyumba, shamba na ng'ombe, lakini ujuzi alio nao mkononi na kichwani huja naye. Kiongozi mwenye busara huuliza watu wake wanahitaji nini, kisha huuliza pia wamekuja na nini.

Pili, jina la kabila halikufunga mlango. Tukumbuke kwamba Februari 2012 nyumba na maduka ya Watuareg yalishambuliwa Bamako na Kati, kwa hasira ya vita vya kaskazini, na watu wasio na silaha wakalazimika kukimbia. Ingekuwa rahisi kwa vijana wenye jina la Songhoy kuimba matusi na kupigiwa makofi. Hawakufuata njia hiyo. Wasonghay walikuja kuwasikiliza, na Watuareg pia wakaja, wakacheza katika ukumbi mmoja. Kupenda kabila lako si kosa. Kosa huanza pale wimbo unapohitaji adui ili upendeze.

Tatu, msaada wa nje ulikuta kazi imekwisha kuanza. Mwaka 2013 wanamuziki wa mradi wa Africa Express, pamoja na Mwingereza Damon Albarn, walifika Bamako kutafuta vijana wenye vipaji. Songhoy Blues walikuwa tayari. Walirekodi wimbo wao "Soubour" pamoja na Nick Zinner, mpiga gitaa wa kundi la roki la Marekani, Yeah Yeah Yeahs. Wimbo huo ulitoka mwaka huohuo katika albamu ya Africa Express. Februari 2015 ilitoka albamu yao ya kwanza, "Music in Exile", maana yake muziki ukimbizini. Vijana wa kumbi ndogo wakaanza kupiga Ulaya na Marekani.

Nne, "soubour" ni subira. Neno lao na letu yote mawili yametoka katika Kiarabu. Subira yao haikuwa ya kukaa na kushika tama, ilikuwa ya kufanya kazi kila siku huku njia ya nyumbani ikiwa bado imefungwa.

Tusidanganyane: nyimbo hazikumaliza vita. Albamu yao ya nne, "Héritage", ilipotoka mwaka 2025, Mali ilikuwa bado haijapata amani. Na si kila kijana mwenye gitaa atafika Ulaya. Ila ukumbi ambamo watu walioogopana wanacheza pamoja jioni moja ni jambo ambalo amri ya serikali peke yake haiwezi kulileta.

Kwa viongozi wa kambi

Tunashauri mambo manne. Wapeni vijana mahali na saa zinazojulikana. Kukiwa na msiba, muziki unyamaze, na vijana wenyewe waende kuwafariji wafiwa. Kubalianeni nao kwamba wimbo wa kutukana kabila lolote hauimbwi. Mwisho, waalikeni wenyeji wanaowapokea pamoja na jamaa za makabila mengine, si kama watazamaji tu, bali nao walete nyimbo zao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kambi yetu, nani wana ujuzi ambao hatujawahi kuuliza habari zake?
2. Ni nyimbo gani za kwetu zinazowaumiza jirani zetu? Tumewahi kuwauliza?
3. Tukifanya mkutano wa muziki, nani hatakuja, na kwa sababu gani?
4. Subira yetu ni ya kungoja tu, au ni ya kufanya kazi?

Someni somo hili kwa sauti, wazee na vijana mkiwa pamoja. Swali la tatu msilipite haraka.