SOMO: KISIWA KISICHO NA BAHARI

Watoto hufundishwa shuleni ya kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Maana hiyo ni sahihi. Lakini kipo kisiwa cha namna nyingine, kisicho na bahari, nacho ni jirani yetu sisi watu wa Iringa: ni milima ya Udzungwa, kati ya Kilolo na bonde la mto Kilombero.

Kwa nini twaiita kisiwa? Sababu ni hii. Juu ya milima mna mvua nyingi, ukungu na msitu mbichi. Chini yake ni nchi ya joto, ya nyika na mbuga. Mnyama aliyezoea msitu wa juu hawezi kuivuka nchi ile, kama vile kuku asivyoweza kuvuka bahari. Basi tangu zamani sana viumbe wa huko wamekaa peke yao, hata wengine hawapatikani mahali pengine po pote duniani.

Kisiwa hiki hutembelewa kwa miguu. Njia zake za zamani zilikanyagwa na wenyeji, na wageni walifuata nyayo zao. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alitoka Dar es Salaam, akapita Mahenge, akapanda Uhehe, akafika Ziwa Nyasa. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Chuma, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Tangu mwaka 1992 sehemu ya milima hii ni Hifadhi ya Taifa. Njia ya kilele cha Mwanihana, itokayo upande wa Mang'ula, ni kilomita 38 hivi, mwendo wa siku 3.

Atakaye kwenda achague miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, maana wakati wa masika njia huteleza na mito hujaa. Apate ruhusa, afuatane na kiongozi, wala asijifanye mjuzi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akikuta watu kijijini, aseme "Kamwene" kabla ya kuuliza njia.

Maana wenyeji ndio wenye elimu ya mahali. Mwaka 1979 wataalamu walisikia katika msitu wa Sanje mlio wa nyani wasiyemjua. Mwenyeji aliyewaongoza akamtaja mara moja kwa jina la kwao. Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu, wageni waliona ndani ya chungu cha kitoweo miguu ya ndege wa ajabu. Kumbe alikuwa kwale asiyeandikwa bado katika kitabu cho chote, na jamaa zake wa karibu wako Asia! Waliompika hawakuona ajabu.

Lakini kiumbe wa kisiwa akifukuzwa hana pa kukimbilia. Katika korongo la Kihansi, mwaka 1996, walionekana vyura wadogo kuliko kidole gumba, waishio katika manyunyu ya maporomoko tu, wasiotaga mayai bali wazaao watoto. Maji yakageuzwa ili kuzalisha umeme, ambao sote twauhitaji. Manyunyu yakapungua, kisha ugonjwa ukawapata. Mwaka 2009 ilitangazwa ya kwamba wametoweka porini. Wachache waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema walizaana huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Tazameni gharama na taabu ya kurudisha kitu kidogo kilichokuwa bure!

Kwa hiyo, enyi wazee wa vijiji, msitu ukikatwa ukawa vipande viwili, kisiwa kimoja kimekuwa viwili vidogo, na kila kimoja ni dhaifu. Nao mto unywewao bondeni huanzia juu.

Walimu waweza kuwauliza watoto maswali haya:
1. Mlima wawezaje kuwa kisiwa?
2. Kwa nini chura wa Kihansi hakuhamia mahali pengine?
3. Taja mnyama au ndege mmoja wa msitu wa kwenu kwa lugha ya nyumbani. Babu zako husema nini juu yake? Liandike jibu lao, lisipotee.