SOMO LA USALAMA KAZINI: ZEBAKI KATIKA MAABARA ZA SHULE MKOANI KATAVI

Watumishi wa Serikali walioko katika shule za sekondari, pamoja na wazazi na wakaazi kwa jumla, wanakumbushwa kwamba maabara ni mahali pa kazi kama ilivyo karakana au kiwanda, na kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya za wanaofanya kazi humo. Somo hili linahusu hatari moja yenye sura ya pekee katika Mkoa wa Katavi, nayo ni zebaki.

Kila mwalimu wa kemia huwaonya wanafunzi wake juu ya asidi. Mwanafunzi huambiwa amimine asidi ya salfuriki ndani ya maji kidogo kidogo, wala asimimine maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalozalika huweza kuyachemsha maji hayo papo hapo na kumrushia asidi usoni. Aidha, hukatazwa kuvuta pipeti kwa mdomo, ingawa katazo hilo ni rahisi kuvunjwa siku za mazoezi ya mtihani, pale vifaa vya kuvutia vinapokuwa vichache. Onyo la asidi huaminika upesi, maana asidi huunguza na kidonda chake huonekana. Zebaki haiunguzi wala hainuki. Mtu huiweka kiganjani akafurahi kuitazama inavyoteleza.

Ugumu huo huzidi katika maeneo ya dhahabu ya Wilaya ya Mpanda, kama vile Ibindi. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili ishike chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa motoni, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mtoto aliyekulia karibu na mwalo wa kuchenjulia, akiona kipimajoto kimevunjika darasani, haoni sababu ya kuogopa. Kitu hicho amekwisha kukiona mikononi mwa baba yake au jirani, na wote wangali wanatembea. Mwalimu asiyeijua hoja hiyo ya mwanafunzi hataweza kuijibu.

Jibu lake ni kwamba zebaki inayodhuru zaidi ni ile isiyoonekana. Madini haya hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la chumba. Mtu akiuvuta, kiasi cha asilimia 80 cha mvuke huo hubaki mwilini na kufika kwenye ubongo na figo. Ilhali tone lililomezwa kwa bahati mbaya hupita tumboni karibu lote. (Jambo hili huwashangaza wengi, wala si ruhusa ya kuionja.) Dalili huja taratibu: mikono kutetemeka, usahaulifu, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu. Mama mjamzito huhatarisha pia mtoto aliye tumboni.

Mwezi Agosti 1996, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, Profesa Karen Wetterhahn, mtaalamu wa madini yenye sumu, alidondokewa na matone machache ya mchanganyiko mkali wa zebaki juu ya glavu yake. Glavu haikuzuia. Hakusikia maumivu yoyote siku hiyo, naye alifariki Juni 1997. Mchanganyiko ule ni mkali mno kuliko zebaki ya kipimajoto, wala haupatikani shuleni. Lakini ukimya wa sumu ni ule ule.

Kipimajoto kikivunjika, wanafunzi watolewe nje na madirisha yafunguliwe. Ufagio usitumike kamwe, kwani huigawa zebaki kuwa vijitone vingi zaidi na kuongeza mvuke. Mwalimu avue pete ya dhahabu, avae glavu, akusanye matone kwa kipande cha karatasi ngumu, na vile vidogo avinase kwa utepe wa gundi. Vyote vitiwe katika chupa yenye maji kidogo, ifungwe na kuandikwa jina la kilichomo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo ulikwisha kuweka mwaka huo kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini vipimajoto vya zebaki. Hata hivyo vya zamani huweza kuwamo makabatini. Wakuu wa shule wanashauriwa kuvihesabu, kuvifungia, na kutumia vya spiriti, ambavyo vinatosha kwa majaribio ya kawaida ya sekondari.

Zebaki iliyokusanywa isimwagwe katika sinki wala chooni, bali ushauri utafutwe kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wala asipewe mchenjuaji anayeiomba, hata akitaka kuinunua, kwa kuwa ataichoma, na moshi wake utarudi kwa watoto wale wale waliotolewa darasani.