Chakula ni Msaidizi wa Dawa, Si Badali Yake

Ndugu zetu wenye baridi yabisi hutuuliza mara kwa mara katika darasa: Je, mtu akishika mlo wa kutuliza uvimbe, aweza kuziacha dawa za steroidi? Suali hili si dogo. Sisi wenyewe tuna maradhi haya, nasi tulilijibu suali hili kwa kosa, nusura kosa lile litutoe roho. Kwa hivyo yatupasa kulieleza wazi.

Baridi yabisi tuisemayo si maumivu ya viungo yaletwayo na uzee. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka ikavipiga vita viungo vya mwenyewe, vidole vikafura, na asubuhi mtu akashindwa hata kufunga vifungo vya kanzu yake.

Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Rochester, Marekani, Dakitari Philip Hench na wenzake walimdunga mgonjwa wa maradhi haya sindano za kortisoni. Mgonjwa yule alikuwa haondoki kitandani ila kwa taabu, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini haukupita muda madhara ya dawa yakadhihiri: uso kufura, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Vidonge vya predinisoloni tuvimezavyo leo ni vya ukoo huo huo.

Sasa tutazame hatari ya kuikata dawa. Kila mtu ana tezi mbili juu ya mafigo, nazo hutoa kortisoli, ambayo kwayo mwili hustahimili maradhi na mashaka. Mtu akimeza steroidi kwa wiki nyingi, tezi hizo hulala, kwani kazi yao yafanywa na mwengine. Akiikata dawa ghafula, haziamki siku ile; huenda zikahitaji miezi. Hapo mwili hukosa ya nje na ya ndani pia. Mtu hulegea, hutapika, presha hushuka, huzimia, na aweza kufa.

Hayo ndiyo yaliyotufika. Tuliacha sukari na vya kukaanga, tukala samaki na mboga kwa miezi mitatu, vidole vikanywea. Tukajidanganya kwamba chakula kimetuponya, tukavitupa vidonge. Siku ya nne tukaanguka njiani tukienda kusali alfajiri, tukachukuliwa hospitali. Dakitari hakutulaumu kwa mlo wetu, bali aliusifu. Alitulaumu kwa kuiacha dawa bila ya kumuuliza, kwani dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa amri ya tabibu.

Basi mlo wafaa nini? Wafaa kwa mambo mawili.

La kwanza, ni kusaidia kutuliza uvimbe. Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wana mafuta ambayo wataalamu wameyachunguza wakaona hupunguza kwa kiasi maumivu na ukakamavu wa asubuhi, ijapokuwa hayauondoi ugonjwa. Tule pia mchicha, kunde, pojo na matunda. Manjano na tangawizi ni vyema katika mchuzi, lakini visifanywe ndiyo tiba.

La pili, na wengi hawalijui, ni kumkinga mgonjwa na madhara ya dawa yenyewe. Steroidi hupandisha sukari. Basi kaimati, halua, soda na chai yenye sukari nyingi ni adui zake. Huzuia chumvi na maji mwilini. Basi ng'onda, achari na kachiri zipunguzwe. Huila mifupa, basi atumie maziwa, mtindi, na dagaa waliwao na mifupa yao, tena apigwe na jua kidogo. Huleta njaa ya uongo. Mtu ameondoka sasa hivi kwenye chakula na tumbo lataka tena. Huyo na aanze kwa mboga, asianze kwa sahani ya biriani.

Twaongeza maonyo mawili. Kwanza, tujihadhari na dawa za unga zisizojulikana zilizomo. Baadhi ya dawa za viungo ziuzwazo kwa jina la mitishamba zilipopimwa zimekutwa zimetiwa steroidi kwa siri. Mtu hupata nafuu ya haraka asijue ameza nini. Pili, mwenye kutumia steroidi amwone dakitari kabla ya Ramadhani kuandama. Akiambiwa kufunga kutamdhuru, sheria imempa ruhusa ya kula, na kuishika ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Neno la mwisho ni kwa watu wa nyumbani. Mgonjwa hali peke yake. Sinia ni moja. Chumvi ikipunguzwa chunguni, inapunguzwa kwa wote, na hapana atakayedhurika kwa hilo. Sisi mpaka leo twala vibua vyetu, na vidonge twameza asubuhi baada ya chakula, kwa kadiri aliyotupimia tabibu. Kimoja hakikumfukuza mwenziwe. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji.