Mkwaju wa Katabi na Mungu Anayejifunua



Mkoa wetu umebeba jina la Katabi. Masimulizi ya wenyeji yanasema alikuwa mwindaji mashuhuri, na roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi. Wanaotafuta baraka zake huacha sadaka chini ya mti huo. Frateri aliyetoka darasani juzi atasema “ushirikina” na kufunga mjadala. Ningemwomba asubiri kidogo.

Anayekwenda pale anajua jambo moja la kweli, kwamba uhai wake hauko mikononi mwake. Paulo na Barnaba walikutana na watu wa namna hiyo kule Listra, waliotaka kuwachinjia ng’ombe (Mdo 14:8-18). Paulo hakuanza na Musa, maana hawakumjua. Alianza na mvua, majira ya mavuno na chakula, akisema kwamba kwa hayo Mungu hakuacha kujishuhudia. Mkulima wa mahindi anayetazama mawingu ya Novemba hapa Mpanda hahitaji ufafanuzi. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha hilohilo: akili ya binadamu yaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe.

Lakini mvua ina mpaka wake. Inaniambia yupo Mpaji. Hainiambii kama ananipenda mwaka ambao haikunyesha. Aliye chini ya mkwaju anaongea, kisha anabaki kubahatisha jibu. Imani yetu inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza mazungumzo. Hati ya Dei Verbum, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, inafundisha kwamba alipenda kujifunua yeye mwenyewe, akisema na watu kama na rafiki zake (n. 2). Tuzingatie: amejifunua *yeye*. Hakutuletea orodha ya siri.

Hati hiyo inaongeza kwamba ufunuo huja kwa matendo na maneno yaliyofungamana. Kutoka Misri bila neno la Mungu kungekuwa habari ya watumwa waliotoroka tu. Na neno bila bahari kupasuka lingekuwa ahadi tupu. Kilele ni Kristo, ambaye kwake tendo na neno ni mtu mmoja (Ebr 1:1-2).

Hata uenezaji wa ufunuo huo ulifuata njia hiyohiyo kwetu. Mapadre Weupe walipokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, walihubiri. Baadaye akaja Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyewahi kuuzwa utumwani, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alikuwa katekista na tabibu palepale Karema hadi kifo chake mwaka 1956. Mkono uliofunga kidonda na mdomo uliofundisha sala vilikuwa vya mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza vigango vyetu. Mtoto anaugua, na familia inataka “kufunuliwa” nani amemroga. Mpiga ramli anamtaja bibi jirani, na tunajua ramli chonganishi zimewamaliza wazee wangapi katika nchi hii. Siku hizi wapo wanaofanya kazi ileile wakiwa na Biblia mkononi: “Bwana amenionyesha shangazi yako.” Kanisa linafundisha kwamba hatutazamii ufunuo mpya wa hadhara kabla ya Kristo kurudi katika utukufu (Dei Verbum 4). Mafunuo binafsi, hata yale ambayo Kanisa limeyatambua, hayaongezi kitu katika amana ya imani (KKK 67). Sembuse hili la shangazi!

Yesu mwenyewe aliulizwa swali la ramli. Wanafunzi walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa wakataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yn 9:1-7). Hakutaja jina la mtu. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka macho na kumtuma kunawa Siloamu.

Mama wa yule mtoto akija kwako katekista usiku, jina la mchawi usimpe, wala usimpe hotuba. Sali naye, kisha tafuta bodaboda mwende naye zahanati.